Diski ya TB 4 iliyogoma kwenye studio ya harusi Moshi

Naandika hii kitu kuanzia mwanzo mpaka mwisho maana nimeshaielezea kwa simu kwa watu kama sita na kila mmoja nimempa kipande tu, sasa bora ikae sehemu moja.

Shem wangu, yaani mume wa dada yangu mkubwa, ana studio ya video Moshi. Harusi, sendofu, vipaimara, misiba pia. Kama unaijua Kilimanjaro unajua Desemba kukoje, Wachaga wa Dar na Mwanza na kokote walikotawanyika wanapanda kurudi nyumbani na kila anayetaka kuoa anaoa hapo hapo, kwahiyo shem ndani ya wiki tatu anapiga kazi ya miezi minne. Kamera mbili na droni, saa nyingine kamera tatu, zote 4K, harusi moja inamwachia GB 300 mpaka 400 kabla hajagusa chochote.

Mafaili yanakaa kwenye seva niliyomjengea mimi mwenyewe 2019. Kompyuta ya mezani ya zamani, ndani diski nne za TB 4, wakati ule niliweka FreeNAS, mfumo wa kuendesha seva za kuhifadhi mafaili, ambayo siku hizi inaitwa TrueNAS. Mpangilio ni RAIDZ1, maana ake diski moja ikifa mzigo wote bado upo, ila ikifa ya pili kabla hujamaliza kubadilisha ya kwanza imekula kwako. Bakapu hakuna. Ndio, najua. Nilimwambia mwaka ule ule tuweke, akasema tukipata hela, na mimi nikaacha, shemeji humsumbui kila siku.

Sasa mwanzoni mwa Desemba diski moja ikafa. Akanipigia, mimi niko Arusha nimezama kwenye kazi ya watu wa hoteli, nikamjibu haraka haraka "shem nenda mjini nunua TB 4 yoyote ilimradi mpya, chomoa ile chomeka hii, bonyeza pale nilipokuonyesha". Hilo neno "yoyote" ndo kosa la kesi nzima, na limetoka mdomoni mwangu, sio kwake wala sio kwa muuza duka.

Akaenda. Dukani kulikuwa na TB 4 za aina mbili, mpya zote, zimefungwa na nailoni, moja imezidi nyingine kama elfu sabini hivi. Akauliza tofauti ni nini, akaambiwa hii ni jina tu bosi, TB ni zile zile. Akachukua ya bei ya chini, kama ambavyo na mimi ningechukua ningekuwa sijui.

Siku ya kwanza seva ikaanza kujijenga upya, yaani kuijaza diski mpya data za ile iliyokufa, vizuri kabisa, asilimia zinapanda unaona. Baada ya muda ikaanza kuzembea. Kesho yake iko asilimia 9 na inasema zimebaki siku 11. Vijana wawili wa kuediti bado wako kazini humo humo, wanasoma na kuandika kwenye seva hiyo hiyo maana bibi harusi wa Jumamosi iliyopita anataka klipu ya kuweka stetasi. Siku ya tatu seva ikaitoa diski mpya nje, imeandika FAULTED, yaani mbovu. Shem akajua kauziwa mbovu, akairudisha dukani, mwenye duka muungwana tu akampa nyingine ya modeli ile ile. Ikafanya vile vile. Hapo ndo Jumamosi asubuhi sana simu yangu ikaita, naangalia ni shem, na shem hapigagi asubuhi hiyo isipokuwa kuna msiba.

Nikapanda Kosta, Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, Usa River, njia panda ya KIA, Boma Ng'ombe, njia nzima nasoma picha za skrini alizonitumia. Kilichonitoa jasho sio ile diski mpya. Ni diski nyingine, moja ya zile tatu za zamani, ilikuwa na makosa matatu ya kusoma. Nilipofika nikaangalia SMART yake, ile rekodi ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe, nikakuta sekta 16, vipande vya diski visivyosomeka vizuri, zinasubiri kuhukumiwa, ile namba 197. Yaani wakati tunahangaika na mgeni, mwenyeji mmoja anaanza kuaga. Na hizo zote tatu nilizinunua siku moja duka moja, zimezeeka pamoja.

Nikachukua namba ya modeli ya diski mpya, sio jina la kwenye boksi, namba ndefu ya kwenye stika, nikaitafuta kwenye karatasi ya maelezo ya kiwanda. SMR. Imeandikwa pale wazi, mstari mmoja, ila boksi lenyewe halikuwa na hilo neno popote.

Hapa inabidi nieleze kidogo, vumilia.

Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka, na data zinaandikwa kwa sumaku kwenye mistari ya duara. Kichwa kinachoandika ni kipana, kinachosoma ni chembamba. Fikiria unapaka rangi kwa brashi pana alafu mtu anachungulia kupitia ufa, yeye ufa mwembamba unamtosha. Kwenye diski za kawaida, zinaitwa CMR, kila mstari una nafasi yake na haugusi jirani, ukitaka kubadilisha unaubadilisha peke yake. Kwenye SMR wamesema kwanini tupoteze upana wote huo wakati msomaji anahitaji kaufa tu, wakailaza mistari kama mabati ya paa, huu unakalia ukingo wa ule, unabaki unaonekana kidogo tu wa kutosha kusoma. Mistari mingi zaidi inaingia kwenye sahani ile ile, kwahiyo TB 4 inapatikana kwa sahani chache na vichwa vichache, na ndo elfu sabini ilipotokea.

Tatizo ni lile lile la paa. Bati la katikati likitoboka hulichomoi peke yake, unafungua yote yaliyolikalia juu. SMR ikitaka kubadilisha kitu kidogo katikati inabidi isome eneo zima na kuliandika upya, eneo moja kwa kawaida ni MB 256. Ili usione huo mzigo, diski ina sehemu ndogo ya pembeni iliyoandikwa kikawaida, inapokelea vitu haraka haraka pale, alafu ukiiacha ikapumzika inavihamisha taratibu kwenye mabati. Ndo maana siku ya kwanza ilikuwa inakimbia. Ile sehemu ya kupokelea ilikuwa bado tupu.

Sasa ZFS, ule mfumo wa mafaili ndani ya TrueNAS, inavyomjenga mgeni haimpi mapumziko. Inamwaga data masaa yote, tena sio kwa mstari ulionyooka, na juu yake vijana wanaediti. Pa kupokelea pakajaa, diski ikawa inapanga mabati huku inapigwa mawe, ikichelewa kujibu seva inahesabu kosa, makosa yakifika idadi inaitoa. Diski haikuwa mbovu. Zote mbili zilikuwa nzima kabisa, zimepewa kazi isiyo yao.

Na hii sio siri mpya. Mwaka 2020 ilikuwa kelele dunia nzima pale ilipojulikana kwamba watengenezaji wa diski Western Digital (WD), Seagate na Toshiba wote wameingiza SMR kwenye baadhi ya diski bila kuitaja, na kelele kubwa zaidi ilikuwa WD Red za TB 2 mpaka 6 maana hizo ziliuzwa kabisa kwa ajili ya seva za nyumbani. Watu wakapima, kujijenga upya kwa ZFS ambako kwa CMR kulikuwa kunaisha chini ya siku moja kukachukua zaidi ya siku 9. Baadae wakatenganisha majina, Red ikabaki ya SMR, ya CMR ikaitwa Red Plus, na viwanda vikaanza kutoa orodha. Ya shem ilikuwa jina lingine kabisa, simaanishi hao, nachosema ni kwamba taarifa zipo miaka yote hii na mimi fundi mzima nilikuwa nazijua na bado nikasema "yoyote".

Tulichofanya. Kwanza vijana wote mikono juu, hakuna kugusa Premiere, programu yao ya kuediti, mpaka nitakaposema. Shem hakupenda, ana mteja anapiga kila baada ya dakika kumi, ila dada alipoingia akasema msikilizeni huyu basi wakasikiliza. Nikaitoa ile SMR kwenye seva, kujijenga kukasimama. Alafu badala ya kukimbilia kuweka diski nyingine tukaanza kukopi harusi tano ambazo hazijakabidhiwa kwenda kwenye eksteno mbili, zile diski za nje za kuchomeka kwa USB. Watu wengi hapa wanakosea, wanakimbilia kuponya seva wakati kujenga upya ndo kipindi kigumu kuliko vyote kwa zile diski zilizobaki, zinasomwa mwanzo mwisho, na yenye sekta mbovu ndo inafia hapo. Toa kwanza kisichorudishika. Harusi haipigwi mara mbili, labda kwa wachache.

Cha kuchekesha, eksteno zenyewe tulizotumia ni zile ndogo za inchi 2.5, na hizo za TB 2 na kuendelea karibu zote ni SMR. Zikapiga kazi bila shida yoyote. Kwasababu faili kubwa za video zinaingia kwa mstari, mara moja, hakuna anayerudi kubadilisha katikati. Unapiga bati kutoka chini ya paa kwenda juu, ukimaliza umemaliza.

Wakati huo kijana wangu Arusha anazunguka na namba za modeli nilizomtumia, tatu tu, zote nimehakikisha ni CMR, nikamwambia nje ya hizo usinunue hata upewe bure. Akaipata jioni, akaifunga na sponji akampa kondakta wa basi la mwisho. Ikafika Moshi saa tatu usiku, tukaichomeka, UPS mpya nimekagua mwenyewe, na jenereta ya jirani tumeshaomba endapo umeme utafanya mambo yake. Seva ilikuwa imejaa robo tatu hivi. Ikamaliza baada ya masaa kumi na kidogo. Nikalala kwenye kochi la wateja.

Hasara ilikuwa faili mbili. ZFS ina uungwana huo, haisemi "kuna tatizo", inakutajia faili lipi, na yalikuwa klipu mbili za harusi ya 2021, moja ni watu wanacheza wakati wa kugawa zawadi. Harusi imeshakabidhiwa zamani. Tumepona kwa ngozi.

Januari biashara ilipotulia ndo shem akasema sasa shem niambie vizuri, nataka diski kubwa nisirudi kwenye hii habari, nimeona huko kuna TB 30. Ni kweli zipo. Seagate walizitangaza Januari 2024 na katikati ya 2025 zikaanza kuuzwa kwa mtu yeyote. Zina sahani 10, kila moja TB 3, na teknolojia yake inaitwa HAMR, mimi naiona nzuri kuliko zote kuielezea kwa mtu wa Kilimanjaro.

Iko hivi. Ili data nyingi ziingie, chembe za sumaku lazima ziwe ndogo. Mwaka 2005 walipata ujanja wa kuzisimamisha wima badala ya kuzilaza, kama abiria wa daladala, waliosimama wanaenea wengi kuliko waliolala. Ila ukizidi kuzipunguza, chembe inakuwa ndogo mpaka joto la kawaida tu la chumba linaigeuza, data inajifuta. Dawa ni kutumia madini magumu yenye sumaku isiyogeuka kirahisi, mchanganyiko wa chuma na platini. Lakini sasa ni gumu hata kwa kichwa cha kuandika, kinagonga hakifanyi kitu. Nikamuuliza shem, wahunzi wa Mamba kule Marangu chuma kikikataa nyundo wanafanyaje? Akacheka, wanakipasha. Basi. HAMR ina leza ndogo kwenye kichwa, inapasha kidoa cha sahani mpaka zaidi ya nyuzi 400, kichwa kinaandika, kidoa kinapoa ndani ya nanosekunde chache na data imegandia hapo. Na hiyo inafanyika zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde. Nikifikiria sana kichwa kinauma.

Ila sikumruhusu anunue. Bei ni moja ya sababu, ila kubwa ni kwamba TB 30 kwenye diski moja ni miaka yote ya studio kwenye kikapu kimoja, na ili uwe salama unahitaji mbili, na ikifa moja kuijaza upya kwa kasi ya MB 200 kwa sekunde ni siku moja na robo tatu bila kusimama. Kwa studio kama ya shem hana haja.

Tukashuka kwenye TB 12 na 16. Ukubwa huo kuna faida moja, za madukani karibu zote ni CMR, mtego wa SMR uko zaidi kwenye zile za TB 2 mpaka 8. Hizi nyingi zimejazwa heliamu na kuzibwa kabisa. Kampuni ya HGST ndo walianza kuuza za aina hiyo 2013, TB 6 yenye sahani saba. Heliamu uzito wake ni kama moja ya saba ya hewa, sahani zinazunguka bila kusukumana na upepo, zinabanwa nyingi zaidi na umeme unapungua. Shem akauliza swali zuri hapa, maana anapata kazi za kupiga wazungu wanaopanda mlima, je vieksteno vyake vikifika juu? Diski za kawaida zina tundu la hewa, kichwa kinaelea juu ya sahani kwa hewa hiyo hiyo, na maelezo mengi ya viwanda yanasema mwisho kama mita 3,000 ikiwa inafanya kazi. Kwenye vituo vya kulala vya mlimani, Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720. Yaani ukishapita Mandara usiiwashe, beba SSD, ile isiyo na sahani ya kuzunguka. Alikuwa anawasha Kibo, mita 4,720, na alikuwa anashangaa kwanini zinakufa.

Akatokea muuzaji wa mtandaoni na TB 16 mbili "mpya kabisa" kwa bei ambayo mimi nilihisi harufu nikiwa Arusha. SMART inasema zimefanya kazi saa 3. Nikamwomba aendeshe smartctl, programu ya kukagua diski iliyo ndani ya smartmontools, na kuomba kumbukumbu ya FARM, diski za Seagate zina hiyo rekodi ya ndani tofauti na SMART, na toleo la 7.4 la smartmontools linaisoma. Mwanzoni mwa 2025 hii ndo iliyofichua kule Ulaya diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa, inaaminika nyingi zilitoka kwenye uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Chia, wajanja wakarudisha SMART sifuri wakaziuza kama mpya. Muuzaji akasema hana muda wa mambo hayo, kuna mteja mwingine njiani. Nikamjibu mpe tu huyo mteja.

Mwisho tumechukua TB 12 mbili za CMR, duka lenye risiti na waranti ya miaka mitano, namba za modeli zimesomwa kabla ya hela kutoka. Moja na moja kwa mtindo wa kioo, zinabeba kitu kile kile. Windows inaziona 10.9 na shem akanipigia tena kwamba kaibiwa TB nzima, nikamweleza kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024, hakuna aliyeiba. Kabla hazijaingia kazini nilizijaza mwanzo mpaka mwisho na kuzisoma, siku mbili na ushee, ndo nikazikabidhi. Zile za 2019 zimestaafu.

Ile SMR ya pili mwenye duka hakuipokea, na sikumlaumu, ni nzima. Nimeiweka kwenye boksi la USB, tukaikopia harusi za 2019 mpaka 2022, TB 3 na ushee, faili moja baada ya jingine usiku kucha, haikuchelewa hata mara moja. Iko kwangu Arusha kwenye kabati, imefungwa na kitenge cha dada. Ndo bakapu ya kwanza ambayo ile studio imewahi kuwa nayo.